Gauni la Sura ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Uyole. Baridi ya kukata masikio. Nimeamua: kabla sijafa nitapata prufu za Posa ya Tatu, zile karatasi kubwa ambazo mchapaji alimpelekea marehemu Abrahamu Kihwele azisahihishe kwa mkono wake. Mimi na Tupokigwe tulikisoma kitabu hicho tukiwa wachumba, na kwa miaka thelathini na sita tumebishana jambo moja. Prisca alimkubali yule muuza chumvi, au hakumkubali? Kitabu hakisemi. Mimi nasema alimkubali. Tupo anasema Prisca alikuwa na akili zake. Prufu ya mwisho itaamua.

Fred wa Iringa, mhasibu mstaafu, amepiga simu kujigamba kwamba tayari ana sura tatu za prufu hizo. Kazipataje, hasemi. Fisi yule.

Nimemwambia Tupo naenda Iringa msibani. Akauliza amefariki nani. Nikasema watanijulisha nikifika.

Jumanne, 4 Juni

Mlandege, Iringa mjini. Mjane wa mwandishi, Bi. Eveline, ni fundi cherehani. Tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, nikaketi, nikaeleza shida yangu kwa machozi kidogo. Akasema prufu zipo. Moyo ukaruka! Akanionyesha. Zimening'inia ukutani kwenye misumari, zimekatwa mikono, kola na viuno. Ni karatasi ngumu, nzuri, akasema. Marehemu alipomaliza kazi yake, yeye alianza ya kwake. Miaka ishirini anazitumia kama pateni za kukatia nguo. Kila kipande kina jina la mteja, limeandikwa juu ya masahihisho ya marehemu, yale ya wino wa kijani.

Nikaomba aniuzie. Akakataa kwa upole. Pateni ni ya mwenye mwili, haitoki bila nguo yake. Ndipo nikaelewa kwa nini Fred siku hizi ana suti tatu.

Ila yuko mama mmoja aliyehamia Kilolo moja kwa moja. Pateni yake haina mwenyewe tena: sura ya kumi na moja, kifua na mgongo. Nikishona gauni kwa pateni hiyo, nachukua vyote viwili. Nimekimbia sokoni kununua kitenge.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi nyumbani. Prufu nimeificha chini ya godoro kwa uangalifu mkubwa. Gauni nimelisahau kwenye begi.

Tupo amelikuta. Akajipima nalo mbele ya kioo. Mle wangeenea Tupo wawili na kuku. Hakufoka, na hilo ndilo baya. Akauliza kwa sauti ndogo, huyu mama mnene ni nani. Nikajibu simfahamu, ninachokijua ni kifua chake tu. Nilitaka kuendelea na habari za prufu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekula kiporo. Tupo hasemi nami. Nimemwonyesha prufu, akasema hata waongo wana karatasi. Nyumba bila sauti yake ni kubwa mno. Naogopa, naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nimemwomba twende wote akamuulize fundi mwenyewe. Amepiga pasi kitenge chake cha safari.

Jumamosi, 8 Juni

Bi. Eveline alicheka mpaka akaegemea cherehani. Akamweleza Tupo yote, pamoja na habari za yule mama wa Kilolo. Tupo naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha fundi akaniuliza: katika kuhangaika kote huku, mke wangu nimemshonea nini?

Nikaona haya. Nikasema apimwe leo hii. Akampima, akafungua kabati, akatoa karatasi ya mwisho iliyokuwa bado nzima. Mwisho wa Posa ya Tatu! Na mistari miwili ya wino wa kijani! Miwani yangu ilikuwa na mvuke wa chai. Kabla sijaifuta, mkasi ulikuwa juu.

Tupo hakutazama karatasi. Alinitazama mimi. Nikanyamaza. Sijawahi kunyamaza kwa nguvu namna ile. Akachagua shingo ya mviringo. Kiduara kikaanguka sakafuni na mistari yote miwili. Baadaye nilikitafuta kwa magoti, sikukiona.

Kwenye basi Tupo akaniambia kwamba ile mistari yeye aliisoma. Nikikaa nyumbani wiki nzima bila njama, ataniambia.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya nne nimetulia. Gauni limefika kwa basi. Tupo amelivaa kumenyea viazi. Nimemwambia amependeza. Akasema nirudie. Nikarudia, na ni kweli.

Alhamisi, 13 Juni

Habari kubwa! Fred amenenepa. Suruali zake za zamani hazimwingii, kwa hiyo pateni yake ya suruali iliyobaki kwa fundi haina mwenyewe. Sura ya kwanza nzima! Ni nani atashona suruali ya kiuno kile? Mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Kwenye basi, tumepita Makambako. Imebaki siku moja ya wiki ile, lakini Tupo si wa kukimbia. Nimemwambia naenda msibani. Akauliza amefariki nani. Nikasema Fred. Akaninyoosha kola, akanifungia maandazi, akasema nile yote mpaka chini.

Nimeyamaliza. Miwani nimeisahau mezani, naandika kwa kukisia. Chini ya maandazi alitandika kikaratasi cha mviringo, kigumu, kizuri. Kimefaa sana, nimeandika hapo kiuno cha zamani cha Fred: inchi arobaini na nne. Upande wa pili kina alama za kijani. Mchicha, bila shaka. Nimekitia mfuko wa shati, nisije nikakipoteza.