Kaburi la Mjomba Nthiwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wakili Wangechi amefika Kanyangi kutoka Nairobi! Wazungu wa sola, wateja wake, wameishtaki kampuni ya serikali huko London, mbele ya waamuzi watatu. Wanadai waliahidiwa ardhi tupu, wakakuta makaburi. Moja nililijenga mimi, mwaka juzi, niliposikia kuna fidia kwa kila kaburi. Simiti safi, hata vigae. Nikaandika jina la Mjomba Nthiwa wa Kalamba, aliyenilea mama alipofariki. Yuko hai, ana meno yote. Akijua, sina mjomba tena. Lakini shahidi si hupandishwa ndege? Nimemwambia Wangechi nilimzika kwa mikono yangu. Nikalia kidogo. Asante Mungu kwa machozi!

Jumanne, 4 Machi

Hakuna ndege. Woi! Ushahidi ni kwa video, hotelini Kitui mjini. Lakini kutakuwa na chai na mandazi, nashukuru. Sina koti. Mke wangu Kavindu anasema nivae sweta. Mbele ya London? Nimempigia Mjomba aniazime koti lake la harusi. Amekubali papo hapo. Mzee ana roho safi jamani! Kavindu ameuliza kama nina akili. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeapa kwa Biblia. Mwamuzi wa katikati, mama mwenye mvi, akanipa pole. Nikashukuru. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Nikasema mkarimu sana. Mlango ukafunguka. Mjomba, koti mkononi! Ametoka Kalamba alfajiri ili anione kwenye skrini. Wangechi akamwuliza yeye ni nani. Akataja majina yote matatu, akawasalimia London. Mwamuzi akavua miwani. Nikaambiwa niende nyumbani. Mandazi sikuyaona.

Ijumaa, 7 Machi

Wangechi amepiga simu. Ushahidi wangu umetupwa, na nikisogelea tena kesi hiyo ataita polisi. Asante Mungu hajaita leo!

Mjomba akataka kuliona kaburi. Nikampeleka. Akalizunguka. Akapapasa vigae. Akalia. Akasema wanawe walioko Mombasa hata simu hawapigi, na mimi nimemjengea angali hai. Akanishika mkono, akanishukuru. Nikalia pia, safari hii kweli. Nina mjomba bado!

Koti ameniachia. Akiondoka akasema kuna watu wa umeme wa upepo wanapima shamba lake. Nikamwuliza kama mkewe ana afya. Nzuri kabisa, akasema.

Nimenunua simiti.