Malalamiko ya Fundi Makochi Dhidi ya Chuo Kinachofundisha

Ndugu Mkuu wa Chuo,

MINTARAFU: CHUO CHENU KUFUNDISHA KINYUME NA MATARAJIO YA MZAZI

Pokea salamu na heshima zangu zote. Mimi ni fundi makochi, baba wa yule binti mrefu wa mwaka wa kwanza, darasa la uandishi wa filamu, anayekaa karibu na dirisha. Nimevumilia muhula mzima. Sasa maji yamezidi unga, nami nimeona nisinung'unike pembeni bali nikuandikie wewe mwenyewe.

Kwanza nikueleze tulivyofika kwako, usije ukadhani tulipotea njia. Binti alipomaliza sekondari alisema anataka kuandika filamu. Mimi nilitaka arithi karakana, maana mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Mama yake akasema, "Mwache akajaribu, asije akakulaumu mpaka uzeeni." Basi tukazunguka vyuoni. Cha kwanza kilikuwa na lifti na vioo kila upande. Dada wa mapokezi alitupa maji ya chupa, nami nikayarudisha bila kuyafungua nikihofia yataingia kwenye ada. Cha pili walituonyesha kamera kubwa kama friji, wakasema mwanafunzi huruhusiwa kuigusa akifika mwaka wa mwisho. Chako kiko juu ya duka la magodoro. Mlinzi alitufungulia mlango, akatuonyesha darasa, kisha akavua kofia ya ulinzi, akavaa nyingine na kutukatia risiti. Kiti nilichokalia kilikuwa na mguu uliofungwa kamba. Nikafurahi sana. Nikamnong'oneza mke wangu, "Hapa ndipo."

Ndugu yangu, wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi sponji naijua: ile ya bei ya chini hubonyea mapema. Nilitegemea ndoto ya binti yangu ibonyee kabla ya likizo ya kwanza, arudi karakanani kwa hiari yake, nami nibaki baba mwema aliyemruhusu. Badala yake yametokea haya yafuatayo:

1. Mwalimu wenu anafundisha. Nasema yule mama mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Anafika mapema, na hata umeme unapokatika haendi nyumbani kama watu wengine wenye akili. Anawahamishia wanafunzi kwenye ngazi na kuendelea. Umeme wenyewe nilikuwa nimeuhesabu upande wangu.

2. Alimpa binti yangu kazi ya kusikiliza watu wanavyozungumza. Tangu hapo binti anakaa karakanani, anashona huku akisikiliza. Wateja wameligundua hilo. Mama mmoja aliyekuja kunigombeza kwa kumcheleweshea makochi yake alimkuta binti, akaanza kumsimulia mume wake wa kwanza, akahamia kwa wa pili, na jioni akaondoka akitushukuru. Makochi yake bado yako kwangu. Hajayaulizia tena. Biashara gani hiyo?

3. Amenivurugia lugha nyumbani. Juzi niliagiza chai kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Binti akaniuliza, "Baba, hapa hasa unataka nini?" Nikasema nataka chai. Akasema, "Hapana baba, chini ya chai." Ndugu Mkuu, katika nyumba yangu chini ya chai kuna kisahani. Lakini mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo kila nikifoka ananiuliza kilichoko chini yake. Mbaya zaidi ni kwamba mara nyingi kipo.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome umekaa. Binti ameandika mswada wa filamu. Unahusu mafundi wawili, ndugu wa tumbo moja, waliogombania cherehani ya marehemu baba yao na kuacha kusemezana. Wewe hunijui, lakini mtaa mzima unajua kwamba mimi ninaye kaka, kwamba kaka aliichukua cherehani ya baba siku tulipotoka kuzika, na kwamba tangu hapo tukikutana barabarani mmoja wetu huvuka upande wa pili. Nilimuuliza binti kama ametutangaza. Akasema, "Hawa ni watu wa kubuni, baba." Wa kubuni, na mmoja wao ana kidole kilichokatika kama mimi!

Kisha akasema mwalimu anataka mswada usomwe kwa sauti na watu wazima, na wanafunzi wote ni vijana. Nikakubali kusoma sehemu ya yule mdogo, kwa kuwa mimi si mtu wa roho mbaya. Hakuniambia amemwomba nani asome ya mkubwa.

Kaka yangu alikuja karakanani amevaa tai. Tulipeana mgongo, tukashika karatasi. Mwalimu alikaa kwenye kochi la mteja, la mahameli, ambalo sikuwa nimelimaliza. Tukasoma vizuri tu, kama watu wanaosoma maelezo ya dawa. Tulipofika ukurasa wa tatu kaka akashusha karatasi, akasema, "Mimi nilikuja. Wiki ile ile. Nilikuwa nimeibeba cherehani begani niirudishe. Nikasikia mnacheka humu ndani, nikajua mnanicheka mimi, nikageuka."

Nikaitafuta sentensi yangu kwenye karatasi. Haikuwapo. Nikamtazama binti, akatazama chini. Ikabidi nijitungie mwenyewe, mimi ambaye sijalipiwa ada. Nikasema, "Ungepiga hodi."

"Ungefungua?"

"Ningekuacha usimame kidogo. Lakini ningefungua."

Naye akalia. Mimi nilikuwa na vumbi la sponji machoni. Mwalimu wenu alilia juu ya mahameli ya watu, na mahameli ikilowa haisameheki.

5. Matokeo yake sasa kaka yuko kwangu kila siku. Cherehani imerudi na imeziba mlango wa nyuma. Anakosoa mishono yangu mbele ya wateja. Nilikuwa nimezoea kumkasirikia. Ilikuwa shughuli yangu ya jioni. Chuo chenu kimeninyang'anya na hakikunipa kitu kingine cha kufanya.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: ama mumfukuze binti yangu kwa kosa lolote mtakaloona linafaa; ama mpandishe ada mpaka nishindwe kwa heshima; ama mumwondoe mwalimu huyu na kumleta mwingine asiyefika darasani. Hao wapo wengi, tena wana mashati mazuri.

Msinijibu kwamba ana kipaji. Kipaji nakiona. Ninachouliza ni nani atakayemlisha siku filamu zisiponunuliwa na mimi sipo, na swali hilo mwalimu alilijibu kwa kusema hajui. Angalau angedanganya kidogo, kama vyuo vikubwa.

Mke wangu anakusalimu. Kaka anakusalimu, ingawa sikumwomba. Wasalimie wanafunzi wote wa pale kwenye ngazi, na mlinzi wenu na kofia zake zote mbili.

Ni mimi, mzazi aliyefundishwa bila ridhaa yake,
Fundi Makochi

Tanbihi: Naomba maombi yangu msiyatekeleze kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa tunasoma sehemu ya pili mbele ya watu na nimeshaikariri. Hata baada ya Ijumaa msiyatekeleze. Ada ya muhula ujao nimeilipa leo nilipoleta barua hii, maana nilikuwa napita. Ila mwambieni mwalimu jambo moja. Katika sehemu ya pili, yule mdogo ndiye anayeanza kuomba radhi. Kaka anasema si haki, abadilishiwe, aanze mkubwa. Asibadilishe.