Malalamiko Kuhusu Protini Inayodaiwa Kukosekana kwa Mbegu Zangu

Lazarus Oyoo,
Nyumba Namba Saba, Ploti ya Githinji,
Kawangware 46.
13 Juni 1996

Kwa Daktari Muia, mkuu wa utafiti wa mbegu za wanaume,

Natumai u mzima. Mimi pia, isipokuwa kwa hayo uliyoniandikia.

Mwaka wa tisini na nne nilileta shahawa kwa kichupa. Nilimtuma mke wangu Caren achukue majibu, akarudi akisema hayajatoka. Mwaka huu nimepimwa tena na kusoma mwenyewe: ati mbegu ninazo tele na zinakimbia, ila zikipita kwa mrija zinamokomalia hazipakwi protini fulani, kwa hivyo zikifikia yai haziwezi kulishika. Napinga.

1. Protini siwezi kukosa. Nakula omena siku tano, maharagwe mbili. Jirani yangu Shiundu hula sukuma wiki tupu na ana watoto saba.

2. Caren, anayekaa Kibera, mwenyewe alikiri mbele ya mama yangu kwamba shida ni yake. Mtu akishakiri, kichupa cha nini?

3. Baada ya hapo nilioa Celine, nikamweka hapa Kawangware. Mwaka wa pili huu, kimya. Ni wazi ugonjwa wa Caren unaambukiza, na umetembea kwa miguu toka Kibera. Huo ndio utafiti ungefanya, daktari, uache kunichungulia mimi.

4. Kwa ploti kuna Baba Irungu, Baba Tracy, hata mlinzi ni Baba Marvin. Mimi naitwa Namba Saba. Inaniuma sana.

Kwa hivyo naomba uandike upya, utoe jina langu uweke la Caren. Mama anakuja Jumamosi kumrudisha kwao, na karatasi yenye muhuri itamaliza maneno.

Wasalimie manesi wote, hasa yule aliyenionyesha choo cha kuingia na kichupa.

Mimi, kwa heshima na hasira,
Lazarus Oyoo

N.B. Usibadilishe kitu kwenye majibu. Nimempelekea Caren barua hii anisahihishie Kiswahili, vile hufanya siku zote. Amerekebisha makosa mawili, jina lake hakuligusa. Kisha akatoa chini ya godoro majibu yako ya mwaka wa tisini na nne. "Nilijitwika mimi," akasema, "kwa sababu wewe ungekufa na aibu." Celine nitamweleza leo. Na mama akija Jumamosi kumrudisha tasa nyumbani, atanikuta nimeshafunga virago.