Siku Ndovu Waliposhinda Nyuki

Jamani, leo nimepatikana. Nimerudi Voi, nimejifungia chumbani, na bado nasikia vicheko vya akina mama wa Sagalla masikioni.

Mnajua nasomea kuchora katuni. (Wale mliokuwa mkiniuliza "hiyo nayo ni kazi?", furahini, leo ni siku yenu.) Mwalimu wetu ana wimbo mmoja tu: jua unamchorea nani. Wiki jana niliwachorea watoto wa darasa la tatu ndovu aliyevaa gambuti. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati. Kichwa kikanivimba! Leo ilikuwa zamu ya wakulima, na huko ndovu havai gambuti. Huko kila mtu ana shamba ambalo limewahi kuliwa usiku mmoja likaisha.

Kikundi chenyewe cha wakulima hao, mwenyekiti wake ni shangazi yangu, Mkamburi. Kwa muda mrefu amekuwa akiwabembeleza wenzake wakubali ua wa mizinga. Unatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akigusa waya, nyuki wanatoka, na ndovu kwa nyuki ni mwoga kabisa. Leo ndiyo walikuwa wanaamua. Shangazi akanipigia simu: "Njoo na picha zako. Maneno yangu wameyachoka." Alinitegemea, maskini.

Nikachora picha tano kubwa kwenye karatasi za manila. Ya kwanza, ndovu wanafagia mahindi. Ya pili, mkulima ameshika kichwa, analia. Ya tatu, anatundika mizinga. Ya nne, nyuki wanawatimua ndovu, mikia juu. Ya tano, familia imekalia magunia ya mahindi, inalamba asali. Neno hata moja hakuna, kwa sababu wengine hukaa nyuma na miwani wamesahau nyumbani. Juma, tunayesoma naye, alizitazama akasema, "Weka hata namba." Nikamjibu kwamba mchoraji hodari haweki namba, picha hujieleza zenyewe. (Sikio la kufa!)

Nikafika ukumbi wa kanisa. Akina mama wamekaa, chai imemiminwa. Nikafunga kamba ya nguo kutoka dirisha hadi dirisha, nikasimama nyuma yake ili niwaone nyuso, maana mwalimu husema usiwape wasomaji mgongo. Nikaanza kuzibana picha kwa vibanio, zikiwatazama wao, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kushoto KWANGU.

Nikakunja mikono kama msanii wa haja. "Nani atatusomea hadithi?"

Akasimama Mama Wakesho. Huyu ndiye aliyekuwa akiipinga mizinga tangu siku ya kwanza. Akasogeza miwani, akaanza kushoto kwake yeye.

"Haya. Hapa watu wako na mahindi mengi, wako na asali, wamefurahi."

"Ndiyo!" nikasema. (Nilishangaa kidogo kwa nini ameanza na asali. Nikadhani ni utamu wenyewe umemvuta.)

"Halafu nyuki wakachokoza ndovu."

Nikazichungulia picha kwa juu ya kamba.

"Sasa huyu baba ameona makosa, anatoa mizinga. Amechelewa! Ona, analia. Ndovu wamerudi na hasira, wamemaliza shamba lote." Akawageukia wenzake. "Si niliwaambia? Hata msichana wa mwenyekiti mwenyewe amechora!"

Makofi! Mama mmoja wa nyuma alimpa pole mkulima wa kwenye picha. Makofi yangu ya kwanza kutoka kwa watu wazima, na yote ya kuuzika mpango wa shangazi yangu. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

"Hapana, anzieni huku!" nikapayuka.

"Mwanangu," akasema Mama Wakesho kwa upole mkubwa, "hadithi gani inaanzwa mwisho?"

Nikapita chini ya kamba nije mbele nizipange upya. Kumbe nilipita na kamba yenyewe, imenasa kwenye begi mgongoni. Fundo likafunguka. Ndovu wakaanguka, nyuki wakaanguka, na familia yenye furaha ikatua kifudifudi kwenye chai ya mama mchungaji. Mimi nikafuata, kwa magoti. Hapo ndipo ukumbi ulipokufa kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze, ikakataa.

Shangazi akainuka polepole. Hakunitazama. (Afadhali.) Akaokota picha, akaikung'uta ile ya chai, akawashikisha akina mama watano waliosimama mstari mmoja, kisha akaisimulia hadithi yeye mwenyewe, kuanzia ndovu hadi asali. Alipofika kwa nyuki akavuma, akamkimbiza Mama Wakesho kati ya viti. Mama Wakesho alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Kumbe ni hivyo? Si mngesema!" Akakaa, akapangusa machozi. "Basi mimi nimekubali mizinga. Lakini kwa sharti moja."

Shangazi akashika kiuno.

"Huyu asiguse kamba. Mizinga itundikwe na mtu mwingine."

Limepita bila kupingwa. Na naomba msinicheke, kwa sababu mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa shangazi yangu.