Mrudisheni Mume Wangu Alivyokuwa Kabla ya Mafunzo

Mfaranyaki,
Songea.
14 Machi, 1997

Katibu,
Kamati ya Mafunzo ya Kujiendeleza kwa Wapima Ardhi Wenye Leseni,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu,

YAH: KUREJESHWA KWA ELIMU ILIYOZIDI

Naamini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na ofisi yako ikiwa na nafasi ya kusikiliza malalamiko ya mtu asiye mpimaji. Huku Songea sisi ni wazima, mvua zinanyesha vizuri na mahindi yamebeba. Tatizo letu ni moja tu, nalo mmetuletea ninyi.

Mimi ni Mwalimu Theodosia Mapunda, nafundisha darasa la nne hapa mjini. Mume wangu ni Sixbert Mapunda, mpimaji ardhi mwenye leseni. Miaka ya nyuma alikuwa mtumishi wa serikali. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kujitegemea kwa ujuzi wake, akaacha kazi, akachukua leseni, akaweka kibao chake kwenye ukuta wa duka moja kule Msamala. Tulikuwa tunaishi vizuri. Ndipo mwaka jana mkamwandikia kwamba leseni yake haitahuishwa mpaka ahudhurie mafunzo ya kujiendeleza. Nilimpigia pasi mashati, nikamfungia kuku wa kukaanga wa njiani, nikamsindikiza stendi. Aliyepanda basi siku ile ndiye mume ninayemdai. Aliyerudi simjui vizuri.

Naomba nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Mmemfundisha kupita kiasi. Mimi ni mwalimu na siwezi kuipinga elimu, lakini kila elimu ina darasa lake la mwisho. Mtoto akimaliza la saba tunampa cheti na kumpigia makofi, hatumfuati nyumbani. Huyu alikuwa amekwisha kumaliza. Alijua kupima, watu walimlipa, viwanja vilikaa mahali pake. Aliporudi kutoka kwenu hata kuzungumza kukawa kugumu. Zamani nikimuuliza kwa akina Lidwina ni mbali gani, alijibu, "Pale tu." Sasa ananiuliza, "Pale tu kutoka wapi?" Nikimwambia chumvi iko karibu na masufuria, anataka kujua ni upande gani wa masufuria. Nilivumilia. Ndoa ni kuvumiliana, na mwanamume aliyetoka safari huwa na maneno mengi, yakiisha anatulia.

2. Mmempa chombo, au tuseme mmempa hamu ya chombo. Alikiazima kwa mpimaji mwenzake ili ajikumbushe mliyomfundisha. Ni kile chombo kipya kinachokaa juu ya miguu mitatu na kupima umbali kwa mwali wa mwanga, bila kuvuta mnyororo wala kukanyaga matuta ya watu. Sasa, Ndugu Katibu, mtu anayetaka kujikumbusha ana Songea nzima. Ana barabara, ana viwanja vya mpira, ana mabonde. Mume wangu alianzia nyumbani kwake.

Ilikuwa Jumamosi, mimi nachuma matembele. Nikamwona anatazama kwenye chombo, anaandika, anakuna kichwa, anarudia. Mwisho akaja jikoni na chaki yangu ya shuleni, akachora mstari sakafuni, kati ya mafiga na rafu ya vyombo.

Nikamuuliza, "Baba Noela, hiyo nini?"

Akasema, "Mpaka."

Akanieleza kwamba waliopima mtaa huu zamani walianzia kwenye jiwe ambalo silo, kwa hiyo jiwe letu la mpaka limesimama mahali pasipo pake. Nyumba yetu ni salama, lakini jiko, ambalo tumelijenga pembeni kama watu wote, nusu liko kwetu na nusu liko kwa jirani. Rafu na mlango ni vyangu. Mafiga yote matatu ni ya jirani.

Nilifunga mlango kwanza. Kisha nikamwambia kwa upole, "Baba Noela, jambo hili tumelijua wewe na mimi. Basi linatosha kujulikana."

3. Hapa ndipo lilipo kosa lenu kubwa. Nasikia mlikuwa na somo la maadili ya taaluma. Mngemfundisha mianga na mahesabu peke yake, chaki ile ningeifuta siku ileile na maisha yangeendelea. Lakini alinijibu, "Hapana, mama Noela. Hili tulilifundishwa kutwa nzima. Mpimaji hafichi mpaka, hata ukimpita yeye mwenyewe kifuani."

Nikamwambia haukumpita yeye kifuani, ulinipita mimi jikoni. Alivaa shati safi, akaenda kumwambia jirani.

Inabidi umjue jirani. Ni Mzee Alfonsi Ndunguru, mtu wa Mbinga, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika mpaka vyama vilipolegea na wanunuzi binafsi wakaingia. Mkewe, mama Beata, Mungu amlaze pema, alifariki mwaka juzi. Mimi na mzee huyu tulikuwa hatusemezani. Mbuzi wake waliwahi kumaliza maharage yangu, nami nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema karibu na ua wa watu. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kukohoa. Hata msibani kwake nilipika na wanawake wenzangu, nikaosha vyombo, nikarudi bila kumpa mkono.

Sixbert alirudi akiwa ameridhika sana na nafsi yake. Alisema mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mimi nina jiko?"

"Nusu, Mzee."

"Nusu ya jiko ni jiko," akasema Mzee Alfonsi.

4. Kesho yake baada ya misa alikuja na kigoda. Hakubisha hodi kwa sababu alikuwa anaingia kwake. Ila upande wake hauna mlango, kwa hiyo alipita uani kwangu, akapita mlangoni kwangu, akavuka chaki kwa uangalifu, akakaa kando ya mafiga. Ikanibidi nimwamkie shikamoo, maana mzee ni mzee hata ukiwa umemnunia. Akaitikia marahaba. Hilo lilikuwa neno letu la kwanza tangu habari za mbuzi, nami sikulipanga.

Nikadhani amekuja kulitazama tu jiko lake na kuondoka. Akatazama sufuria. Akasema, "Kuni ni zako, mwalimu. Sikatai. Lakini maharage yanachemkia kwangu."

Nilimtazama mume wangu anisaidie. Akasema kwa mujibu wa kipimo ni kweli.

Nikampakulia.

5. Tangu hapo anakuja kila siku, na kila siku elimu yenu inazidi kuniumiza. Ameleta redio yake akaiweka upande wake. Napika huku nasikiliza bei za mazao za mikoa ambayo sijawahi kufika. Anasema mimi nawahisha kitunguu. Anasema dagaa wa Nyasa hawakaangwi hivyo, mama Beata alikuwa anawaosha kwa maji ya moto kwanza. Nimewaosha kwa maji ya moto ili kumkomesha, na Sixbert akaomba aongezwe mboga. Noela naye, binti yangu ambaye ana mama mwalimu, sasa hesabu zake anazipeleka kwa Mzee Alfonsi. Anamfundisha njia ya kikarani ambayo haimo kwenye mtaala, na majibu yanakuja sawasawa. Imenibidi niandike alama ya vema.

Nilijaribu kuhamisha mafiga. Mzee akasema hana kinyongo, nihamishe tu, lakini majivu niyaache kwa sababu yamo ndani ya mpaka.

6. Ugonjwa huu sasa umeingia mtaani. Jiwe moja likiwa limekosewa, mawe yote yanatiliwa shaka. Lidwina wa nyumba ya tatu akimwona Sixbert anapita na futi mkononi, anatoka na kukaa juu ya jiwe lake la mpaka kama kuku anayeatamia. Osmund mwenye duka ameegesha mkokoteni juu ya la kwake na kusema umeharibika. Wale wasiojua jiwe lao liko wapi ndio wenye raha. Sasa nakuuliza kwa heshima, Ndugu Katibu: kama mafunzo ya mara moja yamegawa jiko, ya mara ya pili yatagawa nini? Mnaweza kuukuta mji wa Songea uko Namtumbo. Mto Ruvuma wenyewe utaambiwa usogee kidogo, na Msumbiji ni watu wazuri, hatutaki maneno nao. Juzi nimemkuta mume wangu amesimama chumbani anakitazama kitanda chetu kwa jicho moja. Nimemwambia chaki ziko shuleni zote.

Kutokana na hayo, naiomba Kamati yako tukufu ifanye yafuatayo.

Kwanza, mje mchukue elimu yenu. Kama haiwezekani kuichukua yote, chukueni lile somo la maadili, mwanga mnaweza kuuacha.

Pili, mwanzishe mafunzo ya kusahau, na mume wangu awe wa kwanza kuitwa. Nitampigia pasi mashati kama mwanzo.

Tatu, wapima ardhi wafundishwe mara moja tu maishani, kama ubatizo. Sisi Wakatoliki hatubatizwi tena kila leseni inapokwisha, na bado tunatambuliwa.

Nakuandikia haya bila chuki. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, mwambie yule mkufunzi wa maadili kwamba namkumbuka kila ninapopika, na umsalimie pia aliyemchagulia Sixbert kitanda cha bwenini karibu na dirisha, maana alirudi bila mafua. Baba Noela, Noela, Lidwina na watu wote wa Mfaranyaki wanawasalimu.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa jiko,

Mwl. Theodosia Mapunda

Baada ya sahihi: Barua hii ilikaa mezani siku kadhaa kwa sababu barabara iliharibika kwa mvua na basi la kuichukua halikuja. Kwa hiyo sina budi kuongeza kidogo.

Juzi Mzee Alfonsi alikuja, akasimama tu bila kukaa. Alisema amefikiri. Akasema, "Mwalimu, jiko ni la kwako, ulilijenga wewe. Nimeshamwambia Mapunda anirekebishie mpaka, ile nusu nimewapa. Nisamehe, nimekusumbua vya kutosha." Akachukua kigoda na redio. Nilimshukuru sana. Nikafuta chaki, nikafagia, nikapika kwenye jiko zima peke yangu kama nilivyokuwa naomba.

Ndugu Katibu, jiko lile ni kubwa mno. Nilikuwa sijui. Nilikata kitunguu nikangoja mtu aseme nimekiwahisha. Noela alileta bakuli la ziada akalirudisha mwenyewe. Nilipotoka kumwaga maji nikasikia redio upande wa pili wa ua, na Mzee Alfonsi anaijibu. Ilitaja bei ya kahawa, naye akasema, "Hapana, hiyo ni ndogo," kama mtu anayezungumza na mwenzake. Nikasimama pale na beseni tupu. Nikakumbuka kwamba siku ya msiba niliosha sahani za watu wote wa mtaa, na mwenye msiba sikumpa hata mkono.

Nikamfuata Sixbert, nikamuuliza kama mpaka hauwezi kukosewa tena, mafiga yarudi kwa Mzee. Akasema hauwezi, amefundishwa. Nikaanza kukukasirikia upya. Ndipo akasema, "Lakini siku ya mwisho walitufundisha kitu kingine, mama Noela. Ardhi inaweza kuwa yako, na mtu mwingine akawa na haki ndani yake. Haki ya kupita, haki ya kuchota maji. Mkikubaliana, inaandikwa, na hakuna wa kumzuia."

Nikamuuliza kama iko haki ya kukaa jikoni. Akapekua kwanza daftari lake la mafunzo, kwa sababu sasa ni mtu wa maadili. Akasema hakuiona kwenye somo, lakini haoni sheria inayoikataza.

Nilikwenda mwenyewe mpaka uani kwake. Nilibisha hodi, nikamwamkia, safari hii nikampa na mkono. Nikamwambia, "Mzee, mpimaji anasema kuna haki yako imesahaulika kwetu. Njoo uichukue, dagaa wako motoni." Hakuuliza ni haki gani. Alikwenda kutafuta kofia yake.

Kwa hiyo barua yote hiyo ya juu naomba muichukulie kama zoezi la insha. Mume wangu mwiteni tena, na mkiweza mumkalishe zaidi, maana inaonekana mambo yenye maana mnayaacha mpaka siku ya mwisho. Na kama darasani kuna nafasi ya mke wa mpimaji kukaa nyuma, nitashukuru kuarifiwa mapema. Mimi ni mwalimu, najua kunyamaza wakati wa somo.

T. M.