Sanduku la Spika Nane

Jumatatu, 3 Machi
Siamini masikio yangu. Miaka sita napiga gitaa la besi katika bendi hii, leo Kiongozi anatangaza mbele ya wote kwamba mpiga besi wa kudumu atachaguliwa Jumamosi, kwenye harusi tutakayopiga. Kati yangu na nani? Mkimya! Amejiunga juzi tu, haongei, na amplifaya yake anaibeba kwa mkono mmoja. Yangu nayo ni ndogo, sikatai. Ndiyo maana nimeamua kupanda jukwaani na spika nane.

Jumanne, 4 Machi
Duka la vyombo vya muziki. Nimeuliza bei ya spika nane. Nikakaa chini. Muuzaji akaniletea maji, akasema amplifaya yangu inanitosha kabisa, mradi niisikie mwenyewe, maana watu wa ukumbini watanisikia kupitia mitambo ya ukumbi. Muuzaji gani huyu anayekataa kuuza? Lazima Mkimya alimpitia kabla yangu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, ni seremala. Nimemweleza ninachotaka: sanduku refu kunishinda, mbele matundu manane ya mviringo, juu yake kitambaa cheusi. Ndani, amplifaya yangu ndogo. Nani atajua? Akaniuliza kwa nini nisijifunze tu zile nyimbo tatu mpya za Jumamosi. Mashemeji wengine hawana adabu. Kitambaa cheusi nimekipata kabatini kwetu, kimekaa tu bila kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Limekamilika! Nimelijaribu, linanguruma mpaka machozi yamenitoka. Shemeji akalipigilia misumari pande zote lisije likafunguka njiani. Halafu balaa: halipiti mlangoni! Aling'oa mlango wa karakana yake mwenyewe, polepole, bila kunitazama.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi mzima uligeuka kulitazama. Kiongozi alilizunguka sanduku langu mara mbili. Mkimya alimeza mate, nilimwona. Fundi mitambo akachomeka gitaa langu kwenye kiboksi chake, waya mmoja ukaenda kwenye mitambo yake, mwingine kwenye sanduku langu. Sikumuuliza kitu. Mafundi hupenda waya.

Zamu yangu, wimbo wa kwanza. Napiga, sisikii kitu! Ngoma ziko ubavuni zinaniziba masikio, na sanduku limekufa. Kisha akili ikanijia: kama mimi sisikii, nani anasikia? Nikaamua kuuza sura. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa, nikaviacha vidole vitembee vinapotaka. Katikati ya wimbo wa pili nikaanza kukaza nyuzi. Bibi harusi alisimama akanikodolea macho. Nikampungia mkono.

Jumapili, 9 Machi
Nimesikiliza rekodi ya harusi. Nimo! Kila nilipogusa, nimo, hata nilipokuwa nakaza nyuzi! Fundi mitambo anasema besi yangu ilitoka kwenye spika zote za ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho, safi kabisa. Asiyeisikia ni mimi peke yangu.

Tumeng'oa misumari. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Shemeji amekiri bila hata kuona haya kwamba kwake hakuna anayeshika nyundo kabla ya kuzima kila chenye umeme. Miaka ishirini, ndio utaratibu wake. Mke wangu naye amelitambua gauni lake mbele ya sanduku. Hatusemeshani.

Kiongozi hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniweka kando akasema, "Kaka, nafasi nimempa Mkimya. Lakini njoo mazoezini Jumatano, tutakusikiliza tena. Njoo na gitaa tu, amplifaya ipo."

Gitaa tu! Niingie mikono mitupu mbele ya Mkimya! Nimeumia, siwezi kuficha. Miaka sita! Nimekaa jikoni peke yangu nikitafuta kosa liko wapi, na nimeliona. Sanduku lilikuwa moja. Nimempigia shemeji: safari hii mawili, marefu zaidi, na swichi ziwe nje. Amekata simu bila kuaga. Atakuwa ameshaenda kutafuta mbao.