Ugoro wa Kuzuia Mafua ya Ndege

Jumatatu, 24 Aprili 2006

Jumapili wanakuja wageni kumposa binti yetu Belinda. Mke wangu Severina ametenga jogoo mwekundu. Mimi nimetenga tetere, wale njiwa wadogo wa porini! Nimewamwagia uwele kwenye chombo cha kuku, wakatua uani kundi zima. Wageni wakiwaona watajua hii ni nyumba ya amani. Jirani yangu Anselm, anayeshinda shambani akipiga debe kufukuza ndege, kaniuliza kama nina akili timamu. Wivu.

Jumanne, 25 Aprili

Redio inatangaza mafua ya ndege huko nchi za nje. Peniel, bwana mifugo wetu hapa Ilongero, kapita na baiskeli. Kasema kama ni lazima nilishe ndege wa porini, chombo chao kikae mbali na kuku, kioshwe kila siku, nami ninawe kwa sabuni. Nikamweleza kwa upole kwamba ugonjwa ni wa ndege, na kuku ni kuku. Akashusha pumzi. Severina akafungia kuku bandani.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimepata dawa! Marehemu babu akishikwa na mafua alinusa ugoro, akapiga chafya, yakaisha. Severina alipokwenda kisimani nikapuliza ugoro bandani. Jogoo nikamwongezea, maana ana mwili. Chombo sikuosha. Dawa ipo, sabuni ya nini?

Ijumaa, 28 Aprili

Jogoo anapiga chafya. Wote wanapiga chafya! Severina kalia, na roho imeniuma kweli. Anselm, bila kutumwa, kamwita Peniel. Bwana mifugo kaamuru kuku asichinjwe hata mmoja mpaka ajiridhishe kwamba si mafua ya ndege. Nilitaka kutaja ugoro. Nikaona nisimvuruge mtaalamu.

Jumapili, 30 Aprili

Wageni wamekula ugali kwa mlenda. Jogoo akawika, akamalizia na chafya. Mzee wao akaweka tonge chini. Kasema posa haina haraka, watarudi Jumapili ijayo kuku wakipona. Belinda hajanisalimia tangu waondoke.

Jumatatu, 1 Mei

Kuku wazima! Peniel kaingiza kichwa bandani, akapiga chafya yeye mwenyewe, akafuta pua huku akinitazama. Kasema tena yale ya chombo na sabuni. Nikaitikia kila neno.

Jioni tulivu. Tetere wamerudi. Nimewamwagia uwele kwenye chombo kile kile, na Severina akilala nitawafungulia kuku wajiunge nao alfajiri. Sina hofu. Kuku wetu wameshachanjwa.